Meza ya Paucarpata: Tathmini ya Huduma ya Chakula kwa Wamisionari Jijini Arequipa

Kwa wiki 30, yaani vipindi vitano vya wiki sita sita, ambavyo kila kimoja kikiisha mmisionari anaweza kuhamishwa, nilikula karibu kila mlo wangu kwenye meza ya mama mmoja wa wilaya ya Paucarpata, jijini Arequipa, kusini mwa Peru. Nilikuwa na umri wa miaka 19, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulifahamu kama kanisa la Wamormoni. Naandika tathmini hii kwa ajili ya vijana wenye Kiswahili walioitwa kutumikia miongoni mwa wasemaji wa Kihispania, na zaidi kwa ajili ya wazazi wao, kwa kuwa swali la kwanza la mama yangu siku wito wangu uliposomwa halikuhusu mahubiri wala umbali. Aliuliza nitapikiwa na nani. Jina la mama huyo na mtaa wake sitavitaja, maana pale ni nyumbani kwa watu. Hata hivyo huduma yake ni ya kulipiwa, ina saa zake, ina ubora na ina kasoro, hivyo inastahili kupimwa kama huduma nyingine yoyote.

Nchini Peru mtu wa namna hii huitwa pensionista. Ukimfananisha na mama lishe utakuwa umekaribia, ila mama lishe hupikia yeyote anayepita, ilhali pensionista hupikia wateja wachache anaowajua, ambao humlipa mwanzoni mwa mwezi na kula kwake milo mitatu kwa siku. Mara nyingi ni muumini wa kata ile ile, yaani usharika, wanamotumikia wamisionari. Hana menyu ukutani. Anachowapikia wanawe ndicho utakachokula, akiongeza sahani mbili au nne kulingana na idadi ya vijana waliopangwa eneo lile. Fedha hutoka katika mfuko ambao wamisionari wa Marekani na familia zao huuchangia dola 500 kwa mwezi, kiwango kilichoanza Julai 2020, na ambacho hakibadiliki hata kijana akipelekwa nchi ya bei nafuu au ya bei ghali. Kwa hesabu yangu mwenyewe, kila mlo wa Paucarpata uliangukia chini ya bei ya vibanda vya sokoni, ambako supu, sahani ya pili na glasi ya kinywaji vilipatikana kwa soli 10 hivi, soli ikiwa fedha ya Peru.

Uzito wa huduma hii hauonekani mpaka uijue siku ya mmisionari ilivyo. Tuliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukafanya mazoezi, tukaoga, tukanywa uji, kisha tukakaa na maandiko na daftari la Kihispania hadi kukaribia saa nne, wakati wa kutoka nyumbani. Kuanzia hapo siku ilikuwa ya miguu. Arequipa iko mita 2,335 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu, jua lake linachoma hata kunapokuwa na baridi, na mitaa ya juu ya Paucarpata inapanda kuelekea milima yenye volkano ya Misti, ambayo kilele chake kinafika mita 5,822. Watu tuliopanga kuonana nao wakati mwingine hawakuwapo, na mlango wa pili ulikuwa mlimani kuliko wa kwanza. Tulirudi saa tatu usiku, na saa nne na nusu taa ilizimwa. Katika siku kama hiyo, yenye mwenzi, yaani mmisionari uliyepangwa kutumikia naye, asiyekuacha hata dakika moja na yenye mipango inayovunjika kila baada ya saa, kitu pekee kisichohama kilikuwa sahani ya saa saba mchana. Kijana anayeambiwa ajipikie hupoteza saa mbili sokoni na jikoni, au huishia kula mkate na mayai kwa miezi.

Nayasema haya nikiwa nimeonja pia huduma mbaya. Kituo changu cha kwanza, katika mji mwingine wa misheni ile ile, kilikuwa na pensionista mwenye moyo mwema lakini asiyechemsha maji ya kutengenezea vinywaji. Wenyeji waliyanywa bila kudhurika. Mimi nililala kitandani siku tisa, huku mwenzi wangu akiwa amekaa kwenye kiti kando yangu, kwa sababu kanuni hazimruhusu kutoka peke yake. Kwa hiyo nilipofika Paucarpata, jambo la kwanza nililolitazama, kabla ya chakula chenyewe, lilikuwa birika. Lilikuwa kubwa, la alumini, na lilikaa juu ya moto kila asubuhi mpaka maji yatokote vya kutosha. Saladi aliiosha kwa maji hayo hayo. Mikono tuliinawa kwenye karo la uani, naye alisimama mlangoni kuhakikisha. Katika wiki 30 sikuugua tumbo hata mara moja, na kwa mmisionari hicho ndicho kipimo cha kwanza cha huduma ya chakula, kwa sababu ugonjwa wa mmoja huwafunga wawili ndani.

Sasa nije kwenye chakula. Watu wa Arequipa wana desturi ambayo sijaiona kwingine: kila siku ya juma ina supu yake. Jumatatu ni chaque, supu nzito ya nyama na mboga. Jumanne ni chairo, ambayo ndani yake kuna chuño, yaani viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku wa milimani kisha vikakaushwa juani hadi vikawa vyepesi kama mbao kavu. Ijumaa ni chupe isiyo na nyama, yenye viazi, jibini na maziwa, kwa sababu ya mwiko wa kale wa Wakatoliki. Jumapili ni caldo blanco, mchuzi mweupe. Migahawa mingi ya mjini sasa hupika inachotaka. Mama huyu aliifuata kalenda hiyo bila kuruka. Faida yake kwetu ilikuwa kubwa kuliko ladha. Mmisionari hupoteza hesabu ya siku, kwani zote hufanana, lakini mimi nilijua ni Jumanne kwa harufu ya chuño kabla sijafungua lango. Jumatatu, ambayo ilikuwa siku yetu ya maandalizi, siku ya kufua, kununua mahitaji na kuongea na wazazi kwa video, sahani ya pili ilikuwa adesi na wali, kwa kuwa Waperu husema adesi za Jumatatu huleta fedha.

Baada ya supu huja hiyo sahani ya pili, nayo ndiyo iliyonishangaza, kwani wali na viazi hukaa pamoja kama ndugu na hakuna anayeona ajabu. Ninachokikumbuka kwa hamu zaidi ni ocopa: viazi vya kuchemsha vilivyofunikwa kwa mchuzi wa karanga, jibini, pilipili kavu na jani lenye harufu kali liitwalo huacatay. Wazazi wangu wanatoka Uvira, mashariki mwa Kongo, walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuhamia Salt Lake City, na nyumbani kwetu mchuzi wa karanga ni chakula cha kawaida. Nilipoionja ocopa mara ya kwanza nilinyamaza, na mama yule akadhani sijaipenda. Nilikosa maneno ya kumweleza kwamba nilikuwa nimeonja jiko la mama yangu katika nchi ambayo hakuna mtu aliyewahi kulisikia jina la Uvira. Wiki chache baadaye nilikuwa na maneno ya kutosha, nikamweleza, na tangu hapo ocopa ilipikwa kila Alhamisi.

Alhamisi hiyo ilikuwa na sababu nyingine. Ndiyo siku aliyohudumu katika hekalu la Arequipa, lililowekwa wakfu tarehe 15 Desemba 2019 na Mzee Ulisses Soares, mmoja wa mitume wa Kanisa letu, huyo huyo aliyeliweka wakfu hekalu la Nairobi tarehe 18 Mei 2025. Ocopa huliwa ikiwa imepoa, hivyo aliweza kuiandaa alfajiri na kuiacha imefunikwa, pamoja na chombo cha mahindi ya kukaanga. Siku hiyo mumewe, fundi seremala ambaye karakana yake ilikuwa uani, ndiye aliyetukaribisha. Uwepo wake ulikuwa sehemu ya huduma pia, maana kanuni zetu haziruhusu vijana wawili kukaa katika nyumba ambamo mwanamke yuko peke yake, na mama huyu alilijua hilo bila kukumbushwa. Mara chache mumewe alipokuwa safarini, tulikuta vyombo vimefungwa kwa kitambaa juu ya benchi la nje, navyo vilikuwa vya moto bado.

Kuhusu Neno la Hekima, yaani kanuni inayotukataza pombe, tumbaku, kahawa na chai, meza hii ilikuwa salama kabisa, na hili si jambo dogo katika jiji lile. Mfano ni adobo ya Arequipa, nyama ya nguruwe ya kwenye chungu ambayo watu huila Jumapili asubuhi kwa mkate wa pembe tatu. Kwa desturi nyama hulazwa usiku kucha katika chicha de jora, ambayo ni pombe ya mahindi. Yeye alitumia siki na viungo, na majirani walimwambia waziwazi kwamba hiyo si adobo. Nimekula ile ya siki pekee, kwa hiyo siwezi kuamua ugomvi wao. Ninachoweza kusema ni kwamba chungu kilirudi jikoni kikiwa kitupu kila mara. Badala ya chai ya majani ya koka, ambayo huko hupewa kila mgeni anayelalamikia mwinuko, alitupa maji ya moto yenye muña, jani la milimani linalofanana na mnanaa. Badala ya pombe ya mahindi tulikunywa chicha morada, kinywaji cha mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na ganda la nanasi, mdalasini na karafuu. Karafuu ile ilinifanya nimsimulie habari za Zanzibar na Pemba, naye akamwita mama yake mzazi kutoka chumbani aje asikie.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo thamani kuu ya huduma hii, ingawa halimo katika makubaliano ya malipo. Nilikuwa nimejifunza Kihispania kwa wiki sita katika kituo cha mafunzo cha Kanisa jijini Mexico, kilichofunguliwa 2013 katika majengo ya iliyokuwa shule ya Benemérito de las Américas. Walimu walikuwa hodari na nawashukuru. Lakini nilichojifunza pale kilikuwa Kihispania cha kufundishia injili. Niliweza kuomba sala na kueleza toba, na sikuweza kusema kwamba kijiko changu kimeanguka. Meza ya Paucarpata ilinifundisha yaliyobaki. Msemaji wa Kiswahili huja na mtaji wake: irabu zetu tano ndizo zao, mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama katika maneno yao mengi, na neno la kwanza nililolitambua katika nyumba ile lilikuwa mesa, kwa sababu Wareno walikwisha kutuachia meza pwani karne nyingi zilizopita.

Alinisahihisha kwa namna ambayo haikuniaibisha. Nikikosea, alirudia sentensi yangu ikiwa sahihi kana kwamba anajibu tu, kisha akaendelea kupakua. Alinifundisha kwamba sírvase ni kumkaribisha mtu kwa heshima. Kwamba casera ni jina ambalo muuzaji na mnunuzi huitana wote wawili, kama watu wa sokoni kwetu wanavyoitana kastama. Na kwamba yapa ni ile nyongeza unayopewa baada ya bei kukamilika. Neno hilo ni la Kikechua, kama yalivyo papa (kiazi), choclo (hindi bichi) na chuño, na mama yake mzazi, aliyezaliwa upande wa Puno, aliongea lugha hiyo jikoni walipokuwa wawili. Jambo lililonichukua muda kulielewa ni udogo wa majina. Kwetu ukiongeza ki- mbele ya jina unaweza kulidharau: kitoto, kijitu. Wao husema sopita na papita, na maana yake si supu haba wala kiazi duni; ni supu na kiazi vinavyotolewa kwa upendo. Nilipoelewa hilo, nilianza kuwasikia watu kwa namna nyingine hata mitaani, na mazungumzo yetu kwenye milango ya watu yakawa laini zaidi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku yangu ya tatu nilipewa beseni la maharage mapana ya kumenya. Baadaye niliruhusiwa kuandaa rocoto, ile pilipili nene kama nyanya yenye mbegu nyeusi, ambayo huondolewa mbegu na mishipa kisha huchemshwa mara kadhaa katika maji yenye sukari ili ukali upungue kabla ya kujazwa nyama. Siku ya kuzaliwa ya mumewe tulikula simbilisi aliyekaangwa akiwa amelaliwa na jiwe. Wamarekani wenzangu walisitasita. Mimi nilikula bila wasiwasi, kwani mnyama huyo wa Andes hufugwa hata Kivu, na baba yangu alikuwa akinisimulia jinsi walivyomlisha majani jikoni akiwa mtoto.

Kasoro zipo, na nitakuwa nimewadanganya wazazi nisipozitaja. Kubwa kuliko zote ni mlo wa jioni. Familia nyingi za pale hula vizuri mchana, kisha usiku hunywa kitu cha moto na mkate, na mama huyu alitupa kile kile alichowapa wanawe: mkate wa pembe tatu, kipande cha jibini au zeituni, na kikombe cha muña. Kwa kijana aliyetembea tangu saa nne asubuhi, hicho hakitoshi. Nilimweleza kwa heshima baada ya miezi miwili, akaanza kuweka kando sehemu ya chakula cha mchana kwa ajili yetu, lakini mpango huo ulitegemea kilichobaki, na siku watoto wake walipokuwa na njaa hakikubaki kitu. Tulilazimika kununua ndizi na mtindi kwa fedha zetu. Misheni ingefanya vyema kulipia chakula cha jioni kinachojulikana badala ya kuliacha suala hilo mikononi mwa mpishi.

Jambo la pili ni wanga. Wali, viazi, chuño na mkate vinaweza kukutana katika siku moja, huku mboga za majani zikiwa chache mno kwa mtu aliyelelewa kwa sombe, yaani majani ya muhogo, na mchicha. Wenzangu wawili waliongezeka uzito licha ya milima ile. Tatu, saa yake ni ya kweli: ukifika baada ya saa nane, sahani utaikuta imefunikwa lakini hakuna atakayeipasha moto, maana yeye huwa amekwenda kwenye genge lake sokoni. Nalitaja kwa haki tu. Baada ya kulizoea niliona kwamba lilitufunza kumaliza mazungumzo kwa wakati. Na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, tunapofunga milo miwili, hapiki mchana, wala harudishi fedha ya siku hiyo. Hilo halikunisumbua.

Wapo wanaopendelea mfumo wa maeneo mengine, ambako waumini hupokezana kuwalisha wamisionari, kila familia siku yake. Nimeuishi mfumo huo pia kwa miezi minne. Uzuri wake ni kwamba unaingia nyumba nyingi na kujua hali za watu. Ubaya wake ni kwamba familia isiyo na kitu hukopa ili isionekane imeshindwa, na wewe unakula ukijua. Siku nyingine mwenye zamu husahau, na huna haki ya kumuuliza, kwa sababu hukumlipa. Kwa pensionista unakula kwa raha ya dhamiri: amelipwa, na malipo hayo ndiyo yaliyokuwa yakimnunulia binti yake vitabu vya chuo. Kwangu huo ndio uhusiano ulio safi zaidi kati ya kijana mgeni na mwenyeji wake, na haukuuzuia upendo kukua.

Kati ya alama 10 nampa 9, na iliyopungua ni ya mlo wa jioni. Anayepangwa Paucarpata na abebe chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, kwa ajili ya siku ambazo mumewe hayupo. Na amweleze mapema asichoweza kula, siku ile ile ya kwanza, kabla hajapakuliwa, kwani sahani ikishawekwa mezani kuikataa humuumiza. Ukimaliza usiinuke kimya: sema gracias, yaani asante, subiri akujibu provecho, yaani chakula kikufae, ndipo uchukue mfuko wako na kuondoka.